Arubuni Iliyokosa Mwenyewe

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, birika la umeme na ombi. Kitenge nimekishona, birika linachemsha, ombi ndilo limenisumbua mpaka leo. Mlisema niwaandikie ninayoyajua kuhusu arubuni, kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha yangu katika ofisi yetu ya wakili ilipita katika kutunza pesa za watu waliotaka kununua kitu na walikuwa bado hawajakinunua. Nimekaa hapa kwangu Buzuruga na kalamu, nikagundua kwamba ninayoyajua vizuri ni machache, na yasiyonielea ndiyo mengi. Nitaandika yote. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Cheo changu mnakijua, na mshahara wangu hata mimi sikuwahi kuuelewa.

Nilitoka Majita, mkoa wa Mara, na cheti cha uchapaji na Kiswahili cha darasani, maana nyumbani tulizungumza Kijita. Mashine ya chapa niliyopewa ilikuwa mbovu kwenye herufi ya r. Uigonge mara mbili ndipo itokee nusu. Nilipomlalamikia karani mkuu, Mzee Majula, aliniambia nisihangaike, nusu ya wateja wetu nao hawaitamki.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta watu wawili kwenye benchi la wateja, kila mmoja amegeukia upande wake. Mmoja alikuwa mama lishe wa stendi, mwingine mwenye nyumba aliyetaka kumuuzia. Yule mama alikuwa ametoa pesa za kuanzia, kisha akasikia kwa majirani kwamba nyumba inaingia maji kila masika, akaghairi. Akataka pesa zake. Mwenye nyumba akasema pesa zile ndizo zilizoishika nyumba, wateja wengine aliwafukuza kwa ajili yake, kwa hiyo ni zake. Wakili wetu wa wakati ule, marehemu Kaijage, akaisoma karatasi yao na kusema imeandikwa "sehemu ya bei". Kama hakuna mauzo, hakuna bei, na kama hakuna bei, hakuna sehemu yake. Mama arudishiwe. Nikaona ni haki kabisa.

Baada ya wiki chache wakaja wengine na shauri ambalo kwangu lilikuwa lile lile, safari hii kiwanja cha Nyakato. Mnunuzi kaghairi, anataka chake. Moyoni nikajua atarudishiwa. Wakili akasoma, akasema hapa pameandikwa "arubuni", na mnunuzi akijitoa mwenyewe bila sababu iliyo kwenye makubaliano, arubuni inabaki kwa muuzaji. Yule bwana akaenda zake mikono mitupu. Nilikaa pale nikiwa sielewi. Watu wa aina ile ile, noti zile zile, tofauti ni neno moja ambalo huenda dalali aliliandika kwa sababu ndilo lililomjia kwanza.

Mzee Majula alikuwa Mkerewe, mtu wa kula karanga za kukaanga na kuacha maganda kwenye droo zetu. Alinieleza hivi: sehemu ya bei ni bei iliyotangulia, ila arubuni ni rehani ya neno lako. Umesema utanunua, basi weka kitu kitakachokuuma ukibadili mdomo. Nikamuuliza, je, muuzaji ndiye akibadili? Akasema atarudisha, na kama waliandikiana hivyo ataongeza juu yake. Nikamuuliza, je, kama hakuna aliyebadili, ila mambo yameharibika tu? Akatia karanga mdomoni na kuniambia niende nikachape.

Lakini alinifundisha maswali ambayo sikuyaacha mpaka nilipostaafu, nanyi msiyaache. Nani atazishika pesa hizi? Mpaka lini? Na ikiharibika, kwa sababu ipi zinakwenda kwa nani? Mtu akishindwa kujibu mojawapo, msipokee hata senti. Swali la kwanza tulilijua kwa machungu, baada ya dalali mmoja kupokea arubuni za watu watatu kwa kiwanja kimoja, kila mmoja akiwa na karatasi yake nzuri. Tangu hapo ofisi ikawa haikubali muuzaji akabidhiwe mkononi. Pesa zinawekwa kwenye akaunti ya wateja, ambako si za wakili, si za muuzaji, na kwa wakati ule si za mnunuzi pia. Nilipokuwa mgeni sentensi hiyo ilinitia kizunguzungu. Sasa hivi nimestaafu, na bado inanitia.

Mengine mnayajua. Mnunuzi kwanza aende akakanyage ardhi, aulize majirani, aonane na mtendaji, aonane na mke wa muuzaji, apekue hati kama ipo. Arubuni ifuate baadaye. Leo mtu anaona picha ya shamba kwenye simu na anatuma arubuni kwa simu hiyo hiyo, kisha anakuja kwetu kutuuliza muuzaji anakaa wapi. Na wale wanaotaka kuingia ubia kwenye biashara ya mtu, waambieni wazi kwamba arubuni inawanunulia muda. Mwenye biashara anawafungia wengine mlango ili wao wakague mahesabu kwa utulivu. Muda ukiisha bila wao kuamua, alichokiuza mwenye biashara kimeshatumika. Haya nilikuwa nayaeleza vizuri sana, hata Wakili Koku, binti wa marehemu aliyerithi ofisi, alikuwa akiwaleta wateja mezani kwangu ili asijichoshe. Nilidhani nimefika. Ndipo wakaja Magesa na Mzee Mabula.

Magesa alikuwa mtu wa kwetu Mara, wa makamo, aliyeanza kwa kununua samaki mialoni, wavuvi wanakoshushia, na kuwauza mjini, kisha akaingia kwenye ufugaji wa sato kwa vizimba, yale makaro ya nyavu yanayoelea ziwani. Ilimwendea vizuri. Alichotaka sasa ni ardhi ya ufukweni kwa ajili ya mabwawa ya kuzalishia vifaranga vya samaki, ili asiendelee kununua kwa wengine. Akaipata kwa Mzee Mabula, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa na shamba linaloshuka hadi majini, ng'ambo ya kivuko cha Kamanga, upande wa Sengerema. Mzee alikuwa anauza kipande tu cha chini, kwa sababu mkewe, Bi Kabula, alikuwa anaugua nyonga na madaktari walisema itabidi apasuliwe.

Walikuja wote watatu. Nikawapa shikamoo wazee, nikawaandikia makubaliano mwenyewe, na nilijivunia yale makubaliano. Arubuni itakaa kwetu. Magesa atamalizia baada ya kuvuna vizimba vyake. Muuzaji akighairi, arubuni inarudi. Mnunuzi akishindwa, inakwenda kwa muuzaji. Wakati wa kungoja, Magesa anaruhusiwa kuingia shambani na kuanza kuandaa. Mzee akaweka dole gumba, Bi Kabula akaweka lake kwenye ridhaa ya mke, akaufuta wino kwenye pindo la khanga yake taratibu, kama mtu anayefikiri.

Mzee Mabula alikuwa na swali. Alitaka kujua, huyu bwana akishindwa, pesa hizi zinakuwa zake kwa lipi. Nikamweleza habari ya rehani ya neno. Akasema ameelewa. Akauliza tena, zinakuwa zangu kwa lipi. Wakili Koku naye akaeleza kwa maneno yake. Mzee akaitikia kwa adabu, na mimi nikaona kwamba hajaelewa, na Wakili akaona kwamba ameelewa.

Magesa hakukaa bure. Kipande alichotaka kukinunua kilikuwa hakifikiki kwa gari. Kulikuwa na korongo lililokata njia kati ya barabara ya kijiji na boma la mzee. Akaleta vibarua na malori ya mawe, wakalijaza, wakaweka kalavati, njia ikapitika hadi mlangoni kwa mzee na kushuka ufukweni. Alinionyesha picha kwenye simu yake. Alikuwa na picha nyingi za ile njia kuliko za watoto wake.

Kisha ziwa likageuka. Mtu wa kando ya ziwa anajua ninachosema. Upepo ulivuma siku kadhaa, maji mazito ya chini yakapanda juu, samaki wakakosa hewa. Wale wa ziwani hukimbia. Wa vizimbani wakimbilie wapi? Magesa alikuja ofisini asubuhi akiwa na viatu vya mpira na harufu ambayo hatukuweza kuitoa chumbani kwa siku nzima. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa kwenye kiti chetu.

"Wamekufa wote, Mama Editha," aliniambia. "Wamegeuza matumbo juu, maji yote meupe. Muandikie mzee achukue arubuni yake. Mimi siwezi tena."

Nilimpa pole, naye akaenda kuzika samaki. Hilo nalo ni jambo: samaki wakifa kwa wingi hivyo, inabidi wachimbiwe shimo kama watu.

Kwa upande wa kazi, shauri lilikuwa jepesi. Mnunuzi ameshindwa, amekiri mwenyewe, arubuni ni ya muuzaji. Nikampigia Mzee Mabula aje achukue. Akaja kwa kivuko na mavazi yake ya kanisani. Nikamweleza yaliyompata Magesa, nikamwekea karatasi ya kupokelea mbele yake. Aliitazama kwa muda, akairudisha upande wangu kwa kidole kimoja.

"Mpeni mwenyewe," akasema. "Mimi sijampa kitu."

Nikamwambia si suala la kumpa kitu, ndivyo walivyokubaliana. Akasema anajua walivyokubaliana, wala hakatai kwamba ni dole lake lile. Ila hawezi. Akaomba maji ya kunywa, akanishukuru, akarudi zake Kamanga.

Nikampigia Magesa nikidhani nampa habari njema. Akaniambia kwa ukali kidogo kwamba hazirudi kwake, alitoa neno, neno limevunjika, pesa si zake. Akakata simu. Nikakaa na simu mkononi. Katika miaka yote ile nilikuwa nimeona watu wakigombania arubuni, wakishikana mashati kwa ajili yake, ndugu wakinuniana. Sijawahi kuona inayokataliwa pande zote mbili. Sheria zote nilizozijua zilikuwa za watu wanaotaka.

Nilimpelekea Wakili Koku shauri hilo. Alicheka kwanza, akadhani namtania. Alipoona sicheki akafungua vitabu, akasoma hadi mchana, akasema kwamba kwa maandishi pesa ni za mzee, akatae asikatae. Nikamuuliza, mtu anayekataa kupokea kilicho chake tunamfanya nini? Akasema tutamuandikia barua. Tukaandika. Hazikujibiwa. Akapendekeza wagawane nusu kwa nusu. Mzee akasema nusu ya kitu ambacho si chake nayo si yake. Magesa hakupokea simu. Pesa zikakaa kwenye akaunti, si za wakili, si za muuzaji, si za mnunuzi. Nilianza kuziota.

Ingekuwa hadithi ya kuchekesha kama Bi Kabula asingekuwa anaumwa. Miezi ilipita, nyonga ikazidi, mama yule akawa haendi hata kisimani. Na mnunuzi mwingine alikuwa amejitokeza, bwana wa kampuni fulani mjini, anayetaka kipande kile kile kwa bei nzuri zaidi, na pesa anazo tayari. Sisi tukamwambia Mzee Mabula yuko huru kuuza, makubaliano ya kwanza yamekufa. Akasema hawezi kuuza. Kwa nini? Kwa sababu pesa za Magesa bado ziko. Nikamwambia basi azichukue ziishe. Akasema hawezi kuzichukua. Mimi nilizunguka na maneno hayo mpaka nikahisi ni mimi ndiye sijui Kiswahili.

Mwishowe Wakili Koku alinituma niende mwenyewe, nimwone mzee kwake. Nikavuka kwa kivuko, nikapanda pikipiki hadi bomani. Bi Kabula alikuwa amelala kwenye mkeka kivulini mwa nyumba, kwa upande mmoja tu, ule usiouma. Nikawasalimu. Mzee akanipa kigoda, akaniletea maziwa ya mgando, tukazungumza habari za mvua kama inavyopaswa. Kisha nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mtoto.

Naye akanieleza taratibu. Mtu akileta ng'ombe kuposa binti yako, alisema, na ng'ombe wakaingia zizini kwako, binti ni wa watu. Hata mwanamume akisafiri, hata akipotea, ng'ombe wake wakiwa zizini kwako huwezi kumwoza binti huyo kwingine. Ukitaka kumwoza kwingine, ng'ombe warudi kwanza. "Sasa ninyi mnaniambia nile ng'ombe wa Magesa, halafu nimwoze binti kwa mwingine," akasema. "Huo si ndio wizi wenyewe?"

Nikataka kumwambia kwamba arubuni si mahari. Sikuwa na hakika tena. Kwangu mimi arubuni inayobaki kwa muuzaji ndiyo inayomfungua aende zake. Kwake yeye, ndiyo inayomfunga. Tulikuwa tunatazama kamba moja, kila mtu akiwa ameshika ncha yake.

Nikamuuliza kuhusu mnunuzi mpya, kama ameshaliona shamba. Akasema amekuja mara kadhaa, tena na gari kubwa. Nikauliza gari lilifikaje penye korongo, ingawa picha za Magesa nilikuwa nazikumbuka. Bi Kabula, ambaye nilidhani amesinzia, akajibu kutoka mkekani.

"Limepita kwenye njia ya Magesa," akasema. "Hapo zamani walikuwa hawaji wenye magari. Bei imepanda kwa njia ile. Na mimi nikipelekwa hospitali napita hapo hapo." Akahema kwa maumivu. "Huyu mzee hawezi kuila pesa ya mtu huku anakanyaga mawe yake. Hilo ndilo linalomkaba, habari za ng'ombe anasingizia tu."

Mzee akatazama pembeni. Nikamaliza maziwa yangu. Nilikuwa nimekuja na jambo moja lisilonielea, nikaondoka na mawili, ila angalau hili la pili, la njia, lilikuwa na mlango wa kutokea.

Ilibaki kumwelewa Magesa. Nilimkuta Nyakato, kwenye ghala la vyakula vya mifugo, akipakia magunia kwenye malori, kazi aliyokuwa akiifanya kwa kutwa. Vizimba alikuwa ameviuza. Alikuwa amekonda. Tukakaa juu ya magunia wakati wenzake wanakula. Nikamwambia bila kuzunguka kwamba simwamini. Nikamwambia habari ya neno lililovunjika naijua, mimi ndiye ninayewahubiria watu, lakini mtu mwenye watoto wanaosoma, anayebeba magunia, hakatai pesa zake kwa sababu ya neno tu.

Aliokota punje chache za mahindi zilizomwagika sakafuni. Kisha akaniambia kwamba baadhi ya Jumapili, baada ya misa, anavuka Kamanga na kwenda kulitazama shamba. Haendi bomani. Anasimama pale njia inapoanza kushuka, anatazama, anarudi. Mkewe hajui.

"Nikizichukua, shamba limekwenda, mama," akasema. "Zikikaa kwenu, bado sijashindwa. Mzee akizila, angalau nimeacha kitu kwake, naweza kurudi nikaanza naye tena. Nikizitia mfukoni ndiyo basi."

Nilitaka kumwambia kwamba kisheria alishashindwa zamani. Sikumwambia. Nilirudi nyumbani kwa miguu, mbali vile, nikijaribu kupanga. Huyu hachukui kwa sababu kuchukua ni kukata tamaa. Yule hapokei kwa sababu kupokea ni kufungwa, au ni kudhulumu, au yote mawili. Na mimi nilikuwa nimewafundisha watu maisha yangu yote kwamba arubuni ni kipimo cha nia njema. Hapa nia njema ilikuwa imejaa pande zote, na mama mmoja alikuwa anashindwa kugeuka kwenye mkeka kwa sababu yake.

Nikamweleza Wakili Koku yote. Akauliza, kwa hiyo tufanye nini? Nikasema sijui, ila tuwakutanishe, na safari hii Bi Kabula awepo. Alisema mgonjwa asisumbuliwe. Nikamwambia mgonjwa ndiye pekee mwenye haraka.

Walikuja siku ya soko, Bi Kabula akiletwa na gari la kukodi lililopita kwenye ile njia na kuingia kwenye kivuko. Hakuweza kupanda ngazi zetu. Ikabidi Wakili Koku ateremke na karatasi zake, tukaketi kwenye kibaraza cha duka la chini, wapita njia wakitutazama. Magesa alifika mwisho, kaoga, kavaa shati la mikono mirefu. Aliwaamkia wazee, wakaitikia. Wakili akaanza kueleza vifungu. Bi Kabula akamgusa mkono kumnyamazisha. Aligeuka kwa Magesa, na kugeuka kwenyewe kulimchukua muda.

"Mwanangu, nasikia unakuja kulitazama shamba."

Magesa akainamisha kichwa.

"Sikukatazi. Ungepita nyumbani ukanywa maji. Lakini nisikilize. Wewe unangoja ziwa likurudie, na labda litakurudia, wewe bado kijana. Mimi siwezi kungoja. Chukua ng'ombe wako utuachie."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba asogezewe kiti. Magesa alijifuta uso kwa kiganja, akamwomba Wakili kalamu. Akatia sahihi ya kupokea haraka haraka, hata haikufanana na ile ya mwanzo. Wakili akaitazama, akaitazama tena, akaamua kutosema kitu.

Ndipo Mzee Mabula akasema habari ya njia. Akasema akishauza, mawe na kalavati na malori atayalipa, maana bei ya sasa imepita juu ya mawe hayo. Magesa akakataa. Alisema aliyafanya kwa hiari yake, hakutumwa. Mimi nikaona tunaanza upya. Lakini Wakili Koku, ambaye siku hiyo nilimpenda kama binti yangu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anaandika malipo ya njia kwenye karatasi, na anayekataa aende akatafute wakili mwingine. Wakaweka sahihi. Walipoondoka, Magesa ndiye aliyemshika Bi Kabula mkono kumwingiza garini, na mzee akabeba viatu vyake.

Kipande kile kiliuzwa. Bi Kabula alipasuliwa, akapona kiasi cha kwenda kisimani na fimbo, ingawa analalamika kwamba mguu mmoja sasa ni wa mtu mwingine. Malipo ya njia yalilipwa, kwa kuchelewa, na Magesa akayapokea, kwa kuchelewa vilevile. Ana vizimba vichache tena, upande mwingine kabisa wa ziwa. Hatanunua kile kipande. Bwana wa kampuni amekizungushia ukuta. Nilimuuliza Magesa siku moja barabarani kama anajuta kuzichukua zile pesa. Aliniambia kuna siku anajuta na kuna siku anashangaa alikuwa anangoja nini. Akaniuliza mimi naonaje. Nikamwambia mimi nilikuwa karani tu.

Mnajua kwamba faili likiisha tunalifunga kwa mhuri. Ipo mihuri miwili, IMEKAMILIKA na IMEVUNJIKA. Nililitoa faili la Magesa na Mabula, nikaweka mihuri yote miwili mezani, nikaanza kufikiri. Mauzo yalivunjika, hilo halina ubishi. Lakini kila mtu alitimiza, tena zaidi ya alichokubali. Nikauinua mmoja, nikaurudisha. Nikauinua wa pili. Wino ukakauka kwenye pedi. Siku ya kustaafu nilijaribu tena kabla hamjaja na keki, nikashindwa.

Liko kwenye kabati la chuma, droo ya chini, halina mhuri. Msidhani nilisahau. Kama ninyi mnajua ni upi, upigeni, kisha mmoja wenu apite Buzuruga aniambie.